Kuganga Kidonda: Historia ya Dawa za Miti katika Nchi ya Masasi na Newala

Historia ya nchi za kusini mwa Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata vita, njaa, misheni na mazao ya biashara. Ngozi ya mwanadamu haikupewa nafasi kubwa katika historia hiyo, ingawa ndiyo ipokeayo kwanza mengi yampatayo mtu. Aliyefungwa kongwa shingoni alipata jeraha la namna moja. Mpagazi aliyeliwa na funza alipata jingine. Mwari wa jandoni jingine. Mkata mkonge jingine. Majeraha hubadilika pamoja na nyakati, na dawa zake huyafuata.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi watu wa Masasi na Newala walivyotumia majani, maganda, mizizi na utomvu wa miti kuponya majeraha ya ngozi, tangu zamani za misafara hadi siku zetu. Hoja zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba historia hii si kisa cha mganga aliyeshindwa na daktari, kama inavyosimuliwa mara kwa mara, bali ni kisa cha majeraha mengi mbalimbali, kila moja likitafuta dawa ilifaayo. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika maneno, na kwa hiyo mwenye kushughulika na lugha anao wajibu katika jambo hili ambao hawezi kumwachia tabibu peke yake.

I. Nchi yenyewe

Masasi iko katika nchi ya tambarare iliyosimamiwa na milima ya mawe matupu, upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde. Newala iko juu ya ukingo wa uwanda huo, ikitazama bonde la mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Wenyeji ni Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, na mara nyingi watu wa lugha hizo zote hukaa jirani. Kiswahili kiliwafikia kutoka Lindi na Mikindani kwa njia ya biashara, kisha kwa njia ya misheni na serikali. Kwa sababu hiyo mti mmoja waweza kuwa na majina manne au matano katika safari ya siku moja, na jina la Kiswahili hujaribu kuyakusanya yote.

Jambo la pili la kukumbuka ni maji. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa mchanga, hunyonya mvua upesi, na chemchemi hupatikana chini mabondeni. Kabla ya mradi wa mabomba ulioanzishwa katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala walishuka na kupanda ngazi za mlima kwa saa nyingi ili kupata mtungi mmoja. Dr. Karl Weule, mtaalamu wa Leipzig aliyezuru nchi hizi mwaka 1906, aliandika hadithi ya asili ya Wamakonde ambayo ndani yake wahenga wanawausia watoto wao wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, maana huko ndiko yanakokaa magonjwa na mauti. Mtu wa leo atafikiri mara moja juu ya mbu na malaria, na hapana shaka wasia huo ulikuwa na busara yake. Lakini wasia wenye kumkinga mtu na homa ulimnyima maji ya kuoshea kidonda. Yaelekea ndiyo sababu dawa nyingi za majeraha katika uwanda huu zilifaa mahali pakavu: unga wa ganda lililosagwa, utomvu uliotiwa kutoka mtini, maji ya jani bichi lililofikichwa viganjani, na majivu. Dawa za kuchemsha na kukanda zilikuwapo pia, ila zilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilikuwa kichwani mwa mwanamke aliyebeba mtungi.

II. Ushahidi wa maneno

Tuanze na kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili kuganga si kutoa dawa tu. Maana yake ya asili ni kufunga pamoja kitu kilichovunjika: mtu huganga mpini uliopasuka, huganga mfupa, huganga kidonda. Shina hili limeenea katika lugha nyingi za Kibantu likiwa na maana hizo mbili, kufunga na kuponya, na ndilo lililozaa neno mganga. Mganga basi, kwa asili ya neno, ni mtu aunganishaye kilichoachana. Kazi ya kufunga jeraha haikuwa tawi dogo la uganga; kwa ushahidi wa lugha yenyewe ilikuwa karibu na shina lake. Methali isemayo mganga hajigangi ina nguvu zaidi tukikumbuka maana hiyo, maana ni vigumu mtu kujifunga mwenyewe jeraha la mgongoni.

Wageni walipokuja, na hasa baada ya sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, jina la mganga liliwekwa karibu mno na uchawi na uaguzi. Kuganga na kuagua vilichanganywa kana kwamba ni jambo moja. Bibi aliyejua jani la kuzuia damu na mpiga ramli aliyetafuta mchawi waliitwa kwa jina moja, na yule wa kwanza aliingizwa katika shaka iliyomstahili, kama ilimstahili mtu, yule wa pili.

Kiswahili kinatofautisha pia jeraha na kidonda. Jeraha ni neno la Kiarabu, nalo hutumika zaidi kwa mkato mpya wa kisu, panga au risasi. Kidonda ni neno la Kibantu; nduguye katika Kinyanja ni chilonda. Kidonda ni jeraha lililokaa, lililoanza kuwa na maisha yake mwenyewe: hutunga usaha, huota nyama, hufanya kigaga, huacha kovu. Likiwa kubwa ni donda, na likiwa baya la kutambaa na kula nyama ni donda ndugu. Maneno haya ni ngazi ya uchunguzi. Mwenye kuyatumia barabara ameshatambua hali ya mgonjwa kabla hajachagua dawa, kwa kuwa dawa ya jeraha ni ya kuzuia damu, na dawa ya kidonda ni ya kukisafisha na kukikausha.

Neno la tatu ni mtela. Katika Kiyao mtela ni mti, na mtela ni dawa. Miongoni mwa Wamakonde mitela ni dawa za namna zote, za kuponya na hata za kudhuru. Kiswahili kilichukua dawa kutoka Kiarabu, lakini hakikuisahau njia hiyo ya kufikiri, maana twasema miti shamba, au miti tu, tukikusudia dawa. Neno la mwisho ni kuchanja. Zamani lilikuwa kukata chale ngozini ili kutia dawa au pambo. Leo chanjo ni kinga ya hospitali. Daktari aliyeleta kinga ya ndui alikuta neno tayari, na pamoja na neno alikuta watu wasioshangaa kwamba dawa yaweza kuingizwa mwilini kwa kupasua ngozi.

III. Majeraha ya kukusudia

Nchi hii ina jambo la pekee katika historia ya majeraha: mengi yaliyotibiwa yalikuwa yamefanywa kwa makusudi. Wamakonde walikuwa mashuhuri kwa chale za uso, kifua na tumbo, na wanawake kwa ndonya, yaani kigingi cha mti kilichovaliwa katika mdomo wa juu uliotobolewa. Weule alipiga picha za mapambo hayo, na wachunguzi wa Msumbiji baada yake waliyaeleza kwa urefu. Fundi wa chale alikata ngozi kwa kisu chembamba, akapaka masizi ya mimea, hasa ya mbono, kisha akarudia baada ya muda ili mchoro ukolee. Fundi huyo hakutaka jeraha lipone bila alama, wala hakutaka lioze. Alitaka kovu la kipimo fulani, lenye rangi fulani, mahali fulani. Hiyo ni elimu ya kupona kwa ngozi iliyo juu sana, na ilipatikana kwa majaribio ya vizazi vingi juu ya watu walio hai.

Jando nalo lilikuwa shule ya namna hiyo. Katika kumbi, ngariba alikata, na waangalizi wa wari waliuguza majeraha kwa majuma kadhaa mpaka siku ya kutoka. Kumbi lenye wari wengi lilikuwa wodi ya majeraha yanayofanana, yaliyofanywa siku moja, kwa kisu kimoja, kwa watoto wa umri mmoja. Mwangalizi mwenye macho aliona upesi dawa gani imekausha na ipi imechochea usaha, na mwaka wa pili alichagua vyema zaidi. Aliona pia msiba: homa, damu isiyokatika, na pepopunda. Desturi za jando la Wamakonde ziliandikwa na Lyn Harries katika kitabu kilichotolewa mwaka 1944. Wasomaji wengi watamfahamu zaidi kwa kazi zake juu ya ushairi wa Kiswahili, lakini alianza akiwa mmisionari katika nchi hizi. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, hakulipiga jando marufuku bali aliligeuza liwe la Kikristo. Ubishi uliofuata ulikuwa juu ya nyimbo, sala na mafundisho. Jeraha lenyewe halikubishaniwa na mtu, na kila upande ulitambua kwamba lazima lipone.

IV. Majeraha yaliyoletwa na nyakati

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mpaka Masasi, ambako walianzisha kijiji cha misheni. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka 3 kabla, lakini misafara ya bara haikukoma siku ile. Kongwa, mti wa panda uliofungwa shingoni, uliacha alama zake, na mizigo na minyororo zake. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, walikishambulia kijiji cha Masasi, wakaua na kuteka watu, na kazi ya misheni ikahamia Newala, chini ya himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Jeraha la mkuki na jeraha la kongwa ni majeraha mawili tofauti: la kwanza ni la kufunga upesi, la pili ni la msuguano wa siku nyingi, ambalo halifungi kabla kamba haijaondolewa.

Karibu na mwisho wa karne ile alikuja adui mdogo. Funza aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara lote katika miguu ya wapagazi, akafika pwani yetu kabla ya mwaka 1900. Watu waliomjua walimtoa kwa mwiba au sindano. Wasiomjua walimwacha, na vidole vyao viliharibika. Shimo aliloliacha lilitiwa majivu, mafuta ya mbono au utomvu.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika katika nchi hizi. Hapa msomaji ataona jambo la kufikirisha. Dawa mashuhuri kuliko zote katika historia ya kusini ni ile ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoahidi kwamba risasi zitageuka maji, yaani kwamba hapatakuwa na jeraha. Wanahistoria wameiandika katika vitabu vingi, na ni haki yao. Dawa ndogo zilizoahidi tu kufunga majeraha baada ya risasi kupiga, hizo zilisahauliwa, ingawa ndizo zilizotumika siku iliyofuata.

Katika vita vya kwanza vya dunia ushahidi watoka upande usiotazamiwa. Jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, lililokatiwa njia ya bahari, liliishiwa na vitambaa vya kufungia majeraha. Lettow mwenyewe alieleza katika kumbukumbu zake kwamba bandeji zilitengenezwa kwa gome la miyombo, na kwamba wazo hilo lilitoka kwa wenyeji, waliotengeneza nguo na mifuko kwa gome hilo tangu zamani. Novemba 1917 vita vilipita Chiwata na Newala. Wagonjwa na majeruhi wengi waliachwa nyuma, na tarehe 25 ya mwezi huo jeshi lilivuka Ruvuma. Basi madaktari waliosoma katika vyuo vikuu vya Ulaya walijifunza bandeji yao ya mwisho kutoka msituni. Hawakuwa na shida ya kukiri hivyo, kwa sababu haja ilikuwa kubwa kuliko fahari.

Baada ya vita hivyo likaja jeraha la kazi. Vijana wa Masasi na Newala walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani na mbali zaidi. Mwiba wa mkonge, chakula kibaya na miguu mitupu ndivyo vilivyolea donda ndugu. Ugonjwa huu huanza kwa mchubuko mdogo mguuni, hukaliwa na vijidudu vya namna zaidi ya moja, nao hupata nguvu katika mwili usioshiba. Korosho nazo, zilizopata kuwa zao kuu la uwanda wa Makonde, zilileta jeraha lake: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mbanguaji asiyejipaka majivu au mafuta hubabuka vidole.

V. Miti na kazi yake

Haiwezekani kuitaja miti yote. Tutaieleza michache ambayo kazi yake yaeleweka, kwa kufuata namna ya dawa wala si kwa kufuata herufi.

Kwanza ni miti ya kukaza. Mkuu wao ni mninga, uitwao mtumbati huku kusini, na Pterocarpus angolensis na wataalamu wa mimea. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu, ambao ukikauka hugeuka gundi ngumu. Watu wa nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini wameutumia kwa vidonda na vipele. Mtu aweza kusema kwamba walivutwa na rangi tu, wakidhani chenye sura ya damu hutibu damu. Huenda rangi iliwafanya waujaribu; lakini haikuwa rangi iliyowafanya wauendeleze. Utomvu huo una tanini nyingi, yaani kitu kile kile kigeuzacho ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu. Tanini hushikana na protini juu ya kidonda, hufanya utando mwembamba, hupunguza majimaji na kuwanyima vijidudu nafasi. Nguvu hiyo hiyo imo katika ganda la mkwaju, ganda la mkorosho na majani ya mpera. Miti miwili hii ya mwisho ilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati kwa mkono wa Wareno. Elimu ya mganga basi haikuwa sanduku lililofungwa na mababu. Mti mgeni ulipofika ulijaribiwa, na uliofaa ulipokewa.

Pili ni miti ya kuzuia damu. Mbono kaburi, Jatropha curcas, ambao hupandwa kuwa ua na hata makaburini kama jina lisemavyo, hutoa utomvu unaotiwa juu ya mkato mpya. Watafiti wa Nigeria walitangaza mwaka 2003 kwamba utomvu mtupu huharakisha kuganda kwa damu, lakini ukichanganywa na maji mengi huchelewesha. Hapa twaona kwa nini kipimo ni sehemu ya dawa. Anayeandika kwamba mbono kaburi huzuia damu, asiseme kwamba hutiwa bila maji, ameandika nusu ya elimu, na nusu hiyo yaweza kumwua mtu. Katika kundi hili pia wamo kishona nguo, ambaye majani yake mabichi hufikichwa na kukamuliwa juu ya jeraha.

Tatu ni dawa za kusafisha na kulainisha. Maziwa ya papai bichi yana kimeng'enya kilacho nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Mwaka 1999 madaktari wa Banjul, nchini Gambia, walieleza jinsi walivyotumia papai lililopondwa kwa watoto walioungua, kila siku, hospitalini. Asali ya misitu ya miyombo huvuta majimaji, ina uchachu, na hutoa kidogo kidogo kitu kiuacho vijidudu. Rojo ya mshubiri hupoza ngozi iliyoungua na kuizuia isikauke.

Yafaa pia kuangalia vitenzi vya kazi hii: kufikicha, kukamua, kusaga, kunyunyiza, kubandika, kukanda. Kila kimoja ni namna mbali ya kutoa dawa mtini na kuitia mwilini, na mahali pake hapajazwi na kingine. Kunyunyiza unga juu ya kidonda chenye maji ni kukikausha; kubandika majani mabichi ni kukihifadhi kiwe na unyevu. Kubadilisha vitenzi ni kubadilisha matibabu.

Tusikifanye kisa hiki kuwa kizuri kupita kweli. Unga uliosagwa juu ya jiwe chafu waweza kupeleka pepopunda ndani ya jeraha, na udongo au samadi iliyowekwa juu ya kitovu cha mtoto imeua watoto wengi katika nchi nyingi. Hakuna jani liponyalo ukoma, wala lile liponyalo buba. Mganga mwema alijua mpaka wake. Asiyekuwa mwema alichelewesha mgonjwa mpaka mguu ukakatwa.

VI. Sindano na hospitali

Mpaka huo ulionekana wazi katika miaka ya 1920, sindano za buba zilipoletwa. Buba ilikuwa imeenea sana kusini, nayo hujaza ngozi vidonda ambavyo hakuna unga wa ganda ulioviondoa. Dawa za bismathi na za zarniki zilivikausha kwa siku chache. Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1981 juu ya utabibu wa misheni kusini-mashariki mwa Tanzania, ameonyesha jinsi mafanikio hayo yalivyoipa misheni ya Masasi sifa kubwa, na jinsi sifa hiyo ilivyokuwa na utata wake: watu waliipokea sindano kwa moyo wote bila kuacha mitela yao. Kwa wamisionari jambo hili lilionekana kuwa ukaidi. Kwa mtazamo wa majeraha lilikuwa akili tupu. Sindano iliponya buba; haikufunga mkato wa jembe.

Mwaka 1935 Dr. Leader Stirling alifika katika dayosisi ya Masasi, akafanya kazi ya upasuaji Lulindi kwa miaka mingi katika majengo ya miti na udongo, kabla ya kuhamia Mnero mwaka 1949. Alieleza maisha hayo katika kitabu cha mwaka 1947, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu mwaka 1975 hadi 1980. Katika hospitali za namna hiyo aliyeshika kidonda cha mgonjwa kila asubuhi alikuwa dresa, kijana wa nchi ile ile. Yeye ndiye aliyesimama kati ya elimu mbili: mchana alifunga bandeji kwa dawa ya hospitali, na nyumbani alikuwa mwana wa mama aliyejua jani la kufikicha. Historia ya utabibu wa Masasi itakayoandikwa bila madresa itakuwa historia ya majengo.

Penisilini ilipofika baada ya vita vya pili, buba ilipungua upesi, na viatu, sabuni, maji ya bomba na chakula bora vilipunguza donda ndugu kuliko dawa yo yote. Ndonya na chale za uso ziliachwa pole pole. Majeraha yenyewe yaliyokuwa shule ya waganga yalikwenda zake, na pamoja nayo ilikwenda nafasi ya kufundishwa.

VII. Majina na wajibu wetu

Baada ya uhuru serikali iligeukia dawa za asili kwa macho mapya. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa hizo Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili. Na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ng'ambo ya bahari, Madagaska ilikuwa imeonyesha njia. Katika miaka ya 1940 Pierre Boiteau na Albert Rakoto Ratsimamanga walichunguza mmea mdogo utambaao, Centella asiatica, uliotumiwa na watu kwa vidonda, na kazi hiyo ikazaa dawa ya majeraha iuzwayo madukani katika nchi nyingi.

Dawa hiyo ilianza kwa jina. Mtu fulani alimwambia mwingine mmea ule waitwaje, na mwingine akaandika sawasawa. Hapo ndipo kazi ya wanalugha ilipo. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya mwaka 1939, na P. J. Greenway wa Amani, katika orodha yake ya majina ya mimea ya miaka ile ile, waliweka msingi mwema kwa kuoanisha jina la Kiswahili na jina la elimu ya mimea. Lakini kamusi nyingine nyingi ziliridhika kueleza kwamba neno fulani ni aina ya mti utumiwao kwa dawa. Maelezo hayo hayamwambii msomaji ni mti gani, ni sehemu gani, wala ni dawa ya nini. Ni kana kwamba kamusi ingeeleza kuwa panga ni aina ya chuma.

Hatari yake si ya nadharia. Mbono na mbono kaburi hutofautiana kwa neno moja, nao ni miti miwili. Mbegu za yote miwili zina sumu. Kishona nguo ni jina la mmea zaidi ya mmoja, kwa sababu mimea mingi hushika nguo za mpita njia. Mtumbati wa Masasi ni mninga wa Tabora, na mtafiti asiyejua hivyo atahesabu miti miwili penye mmoja. Kila jina lisilofungwa kwenye mti wake ni dawa iliyolegea, iwezayo kuanguka mikononi mwa ye yote.

Kwa hiyo yafaa kila jina la mti wa dawa liandikwe pamoja na mambo matano: lugha na mahali liliposikiwa; jina la elimu ya mimea, likithibitishwa kwa tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa; sehemu itumiwayo; kitenzi cha kuitayarisha; na namna ya kidonda, kwa neno lile lile alilolitumia msemaji, jeraha au kidonda au donda ndugu. Liandikwe pia neno la tahadhari kama lipo. Na aliyetoa elimu hiyo apate haki yake katika faida itakayotoka kwake, kama sheria za siku hizi zinavyoelekea kutaka.

Kazi hii haingoji fedha nyingi. Yangoja watu wenye masikio, nayo ina saa yake. Wazee waliouguza wari katika kumbi za kale, na mabibi waliojua kipimo cha utomvu bila maji, wamekuwa wachache. Mti utabaki ukisimama porini kando ya njia ya Newala, na wapita njia wataendelea kupumzika chini ya kivuli chake. Lakini mti usio na jina wala kitenzi haugangi mtu.